Kamera yangu na flashi: jibu kwa baba wa chekechea

Wiki tatu zilizopita, kwenye sherehe ya chekechea ya binti yangu hapa Gießen, Ujerumani, nilisimamisha mwavuli mweupe na taa moja ya studio niwapige picha watoto wa kundi lake. Baba mmoja akaitazama Leica M6 niliyoivaa shingoni, akaniambia kwa uhakika kamili kwamba renjifainda si kamera ya flashi, ni ya kutembea nayo mitaani. Watoto walikuwa kwenye foleni, sikumjibu. Leo namjibu.

Anachokisema nakijua. Shata ya M6 ni mapazia mawili ya kitambaa yanayopita mbele ya filamu kwa ubavu. Ukiweka spidi ya 1/50, pazia la kwanza hufika mwisho kabla la pili halijaondoka, filamu yote ikabaki wazi kwa kitambo kifupi, na hapo ndipo flashi inapowaka. Ukiweka 1/125, la pili hulifuata la kwanza njiani. Kinachopita ni mwanya tu, na picha hutoka na ukanda mweusi uliosimama wima, pengine umemmeza mtu nusu ya uso. Ndiyo sababu ya ile alama ya radi kati ya 30 na 60 kwenye gurudumu la spidi. Nje kwenye jua kali, kweli, hilo ni tabu.

Ndani je? Tia filamu ya ISO 100, bana lenzi hadi f/8, spidi 1/50: taa za kawaida za dari karibu haziachi alama yoyote kwenye filamu. Picha inachorwa na flashi peke yake, nayo huwaka na kuzimika upesi kiasi cha kumnasa mtoto anayerukaruka. Upole wa shata haudhuru kitu.

Tena kuna jambo ambalo yule baba hakulitaja. Kwenye kamera yenye kioo ndani, kioo huruka juu unapobonyeza, ukaona giza wakati uleule taa inapowaka. Renjifainda ina kidirisha chake pembeni ya lenzi, hakifungiki. Unauona mwanga ukimwangukia mtu usoni, na unajua papo hapo kama alifumba macho. Kwa mtu anayepiga filamu, mwenye fremu 36 tu, hilo ni kubwa. Hasara zipo: M6 haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 70, na huwezi kupima flashi ya studio kupitia lenzi. Mimi nimefunga kamba yenye mafundo kwenye mguu wa taa. Taa ikiwa mita moja kutoka puani mwa mtoto napiga f/8. Ikiwa mita mbili, mwanga umebaki robo, nafungua hadi f/4. Na mwavuli nausogeza karibu na pembeni, kwa sababu ngozi zetu nyeusi, flashi ndogo ikizipiga usoni moja kwa moja, paji lote hung'aa na mashavu yakapotea.

Kwetu Unguja, picha za Sikukuu tulipigiwa studio, na sikumbuki mtu yeyote kumuuliza mpiga picha ana kamera gani. Hapa kwanza nilipewa fomu. Je, mtoto apigwe picha? Ibandikwe ukutani? Wapewe wazazi wengine? Wazazi wote wawili watie saini, kila swali kisanduku chake.

Nilitaka kujua woga huu wa picha umetoka wapi, na asili yake ni flashi. Bismarck, aliyekuwa chansela wa Ujerumani, alipofariki Friedrichsruh mwezi wa Julai 1898, wapiga picha wawili waliingia usiku chumbani alimolazwa, wakamulika kwa unga wa magnesi na kuipiga picha maiti. Familia ikashitaki. Mahakama iliamuru picha ziharibiwe, lakini ilibidi iegemee kosa la kuingia nyumba ya watu bila idhini, kwa kuwa sheria ya kumlinda mtu na sura yake haikuwapo. Ikatungwa mwaka 1907, na ingali inatumika: picha ya mtu haisambazwi wala kuonyeshwa hadharani bila ridhaa yake. Ni sheria ya haki. Ila wenzetu hawa wameipeleka mpaka pale ambapo mtoto wa miaka minne, mdogo kuliko binti yangu, alisimamishwa kando ya mwavuli akilia kwa sababu baba yake alisahau kisanduku kimoja.

Binti yangu ana miaka sita na somo la ridhaa limemkaa. Siku hizi siwezi kuinua kamera kabla ya kumwomba. Bibi yake alipowaonyesha majirani picha ya sherehe, binti alimuuliza kwenye simu, kwa adabu zake zote, baada ya shikamoo: "Bibi, mbona hukuniuliza?" Mama yangu akanyamaza, kisha akamwomba radhi. Sijawahi kumsikia akimwomba radhi mtoto.

Jumapili aliitaka kamera. Nikamfundisha kulenga, yaani kugonganisha sura mbili zinazoonekana katikati ya kidirisha mpaka ziwe moja, kwenye jicho langu la karibu. "Mama, unaniruhusu?" Nikaruhusu. Taa ikawaka.

"Nimekuona," akasema. "Umefumba macho. Tunarudia."