Kuchagua Fomati ya Video ya Kamera ya Usalama

Kamera ya usalama ya mtandao ni kompyuta ndogo yenye lenzi. Hunasa picha, huzibana, kisha huzituma kwa waya au kwa Wi-Fi hadi kwenye rekoda, kompyuta au simu ya mwenye nayo. Kule kubana ndiko kunakoamua rekodi zitakaa siku ngapi kwenye diski, bando litaliwa kwa kiasi gani, na kama sura ya mtu itatambulika. Picha moja yenye upana wa pikseli 1920 na urefu wa pikseli 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na kila pikseli hutumia baiti 3 kubeba rangi zake. Picha 25 za namna hiyo kwa sekunde, zikiachwa bila kubanwa, hufikia takriban megabaiti 155 kila sekunde. Swichi ya gigabiti 1 isingemudu hata kamera moja.

Njia kongwe ya kupunguza mzigo huo ni MJPEG, ambayo hubana kila fremu peke yake kama picha ya kawaida ya JPEG. Fremu moja ikipotea njiani, inayofuata haiathiriki, na picha huonekana karibu papo hapo kwa kuwa hakuna hesabu nzito. Gharama yake ni ukubwa: fremu ya kilobaiti 150, kwa fremu 25 kila sekunde, huhitaji megabiti 30 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo MJPEG imebaki kwa kazi chache, kama kuchukua picha moja moja kila baada ya muda au kulisha programu ambayo haielewi fomati nyingine.

H.264, iliyotolewa mwaka 2003, hufuata njia tofauti. Hutuma fremu kamili mara moja, kisha kwa muda fulani hutuma mabadiliko tu. Ukumbi mtupu usiku hauna kinachobadilika, hivyo hugharimu biti chache sana. Kamera inayotazama mwembe unaotikiswa na upepo hugharimu nyingi, hata kama hapiti mtu. Kwenye menyu ya kamera kuna sehemu ya kupanga fremu kamili ije baada ya fremu ngapi. Kwa kamera ya fremu 25 kwa sekunde, 25 hadi 50 ni kiasi kizuri, yaani fremu kamili moja kila sekunde moja au mbili. Ikirefushwa mno, nafasi ya diski huokolewa, lakini data kidogo ikipotea picha huvurugika hadi fremu kamili nyingine ifike, na kurudisha rekodi nyuma huwa kwa kukwamakwama.

H.265 ilifuata mwaka 2013. Kwa ubora uleule, inaweza kutumia takriban nusu ya biti za H.264. Hata hivyo huhitaji nguvu zaidi ya kompyuta wakati wa kutazama, na rekoda za zamani pamoja na baadhi ya vivinjari haviifungui. H.264 hufunguka karibu kila mahali. AV1, iliyotolewa mwaka 2018 kwa lengo la kutumika bila malipo ya leseni, imeanza kuingia katika baadhi ya kamera mpya, lakini rekoda nyingi bado haziitambui.

Tofauti hizo huonekana wazi kwenye diski. Chukua duka lenye kamera nne, kila moja ikirekodi saa 24 kwa H.264 ya megabiti 4 kwa sekunde. Kamera moja hujaza gigabaiti 1.8 kwa saa, sawa na gigabaiti 43 kwa siku. Kamera zote nne hufikia karibu gigabaiti 173, na diski ya terabaiti 1 hujaa kabla siku ya sita haijaisha. Zikihamishiwa H.265 ya megabiti 2, diski hiyohiyo hubeba zaidi ya siku 11. Kwa mwenye duka anayegundua upungufu wa bidhaa wakati wa kuhesabu stoo kila mwisho wa wiki, tofauti hiyo ndiyo huamua kama ushahidi upo au umeshafutwa.

Kamera nyingi hutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja, na si lazima ifanane. Mkondo mkuu, wenye picha kubwa, huenda kwenye rekoda kupitia waya wa ndani, ambako hakuna bando linalolipiwa. Mkondo mdogo, kwa mfano wa pikseli 640 kwa 360 na kilobiti 512 kwa sekunde, hutazamwa kwa simu kutoka mbali. Huo hutumia megabaiti 230 kwa saa, ilhali mkondo mkuu wa megabiti 4 ungemaliza gigabaiti 1.8. Mpango unaofaa mahali pengi ni H.265 kwa mkondo mkuu, iwapo rekoda inaikubali, na H.264 kwa mkondo mdogo.

Ukubwa wa picha hupimwa kwa kazi yake. Toleo la mwaka 2014 la kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 lilitaka pikseli 250 kwa kila mita ili mtu asiyejulikana aweze kutambuliwa, na pikseli 25 kwa mita kama shabaha ni kujua tu kwamba kuna mtu. Picha yenye upana wa pikseli 1920, kwa kipimo cha kwanza, hutosha eneo lenye upana wa mita 7.7. Kamera hiyo inafaa kaunta ya malipo. Ikielekezwa uwanja wa mita 40, itaonyesha mtu bila sura.

Idadi ya fremu nayo hufuata kazi. Fremu 10 hadi 15 kwa sekunde hutosha mlangoni na stoo, na 25 hufaa panapohesabiwa pesa, kwa kuwa mkono huenda haraka. Namba ya gari ikitoka na ukungu, kuongeza fremu hakusaidii. Kinachohitajika ni kufupisha muda wa shata na kuongeza mwanga. Afrika Mashariki, ambako umeme ni wa hezi 50, kamera hupangwa hezi 50 ili picha isimetemete chini ya taa.

Kasi ya biti inaweza kuwa thabiti au ya kubadilika. Inayobadilika huokoa diski, lakini iwekewe kikomo, kwa sababu usiku picha huwa na chengachenga ambazo kamera huzihesabu kama mabadiliko.

Kwa usafirishaji, kamera nyingi hutumia itifaki ya RTSP kupitia mlango wa 554. Alama ya ONVIF, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2008, husaidia kamera na rekoda za kampuni tofauti kuelewana. Kati ya aina za alama hiyo, Profile T ndiyo inayohusisha H.265. RTSP ya kawaida haifichi picha, kwa hiyo mlango huo usifunguliwe kwenye intaneti; kutazama kutoka nje kupitie VPN.

Mipango ikishawekwa, hujaribiwa kwa kurekodi usiku na wakati wa shughuli nyingi, kisha kunakili kipande kwenye flashi na kukifungua kwa kompyuta nyingine ya kawaida. Kisipofunguka hapo, kitasumbua hata kituo cha polisi, na ni heri kurudi H.264 na kununua diski kubwa zaidi.