Kimeng'enya na Mahali Pake katika Tumbo la Kiluwiluwi

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunja kitu vipande vidogo vidogo. Ki- yake ni ile ya chombo, kama katika kinasa sauti. Basi kimeng'enya cha tumboni ni chombo cha kuvunjia chakula, na kila chombo kina mahali pake: kinu hukaa jikoni, wala si chumbani. Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi mahali hapo panavyotafutwa katika tumbo la kiluwiluwi wa mbu, na faida ya kupajua.

Mtaalamu humpasua kiluwiluwi chini ya darubini, akautoa utumbo, akaukata vipande vyembamba mno. Kisha hutia kitu ambacho kimeng'enya kinachotafutwa hukigeuza kuwa rangi. Panapotokea rangi ndipo chombo kilipo. Kwa njia za namna hii kimeng'enya kiitwacho fosfatase kimeonekana juu ya utando wa seli, hasa katika vile vifuko vinane vilivyo mwanzoni mwa utumbo wa kati, na katika sehemu yake ya nyuma.

Jambo la pili ni magadi. Watu wa Balangdalalu ni majirani wa Ziwa Balangida Lalu, ambalo maji yake ni ya chumvi. Kwao si vigumu kufahamu mfano huu. Tumbo la mwanadamu lina tindikali, bali la kiluwiluwi lina ukali kama wa magadi, hata kipimo cha pH hufika 10 na kuzidi.

Mnamo mwaka 1976 ilivumbuliwa katika jangwa la Negev, Israeli, bakteria iitwayo Bti. Kiluwiluwi akiimeza, ukali ule huyeyusha fuwele zake, vimeng'enya vya kumeng'enyea chakula huzikata zikawa sumu, nayo hujishikiza kwenye seli, fosfatase ikiwa miongoni mwa vishikizo vyake. Seli hutoboka, kiluwiluwi akafa.

Ng'ombe anywaye katika dimbwi hilo hadhuriki, wala samaki, wala mtu, kwa kuwa matumbo yao hayana hali hiyo wala vishikizo hivyo. Dawa hii ilianza kutumika katika baadhi ya kata za Dar es Salaam mwaka 2006, na mwaka 2015 kiwanda cha dawa za namna hii kilifunguliwa Kibaha. Hivyo, kujua chombo kilipo hutusaidia kufahamu jinsi adui anavyopigwa bila jirani kuguswa.