Taa ya injini nusura iniingize mjini!

Jamani, mchuma wangu wa dizeli ulianza vituko Jumatatu. Taa ya injini inawaka, unakanyaga mafuta hauvuti, kupanda Kimara mpaka bajaji zinakupita!

Fundi wa kwanza akachomeka mashine, ikasoma P0405. "Vali ya EGR imekufa, kaka. Lete laki nne." Nikadata. Huo mshiko ni kodi yangu ya miezi minne!

Kwa wasioijua, vali hiyo hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini, joto la mwako lipungue na gesi chafu za naitrojeni zisizidi. Ina sensa inayoiambia kompyuta vali imefunguka kiasi gani. Sasa P0405 inasema tu kwamba ishara ya sensa hiyo iko chini mno. Haijasema vali ni kimeo.

Nikamfuata fundi umeme mmoja Ilala, mzee hana maneno mengi. Kachomoa plagi ya sensa, kafungua swichi, kapima kwa mita. Zile volti 5 za kutoka kwenye kompyuta hazifiki! Sensa itatoa wapi ishara? Akaufuata waya taratibu kwa vidole hadi nyuma ya injini: umesagwa na bati, umekatikia ndani ya ganda. Akauunga, akafuta hitilafu kwenye mashine.

"Elfu kumi na tano, mwanangu."

Taa kimya hadi leo. Yule wa kwanza bado ananipigia simu, eti vali imepatikana.