Fahamu: Kwa Nini Vitufe Maalumu vya Kompyuta Hugoma
Anunuaye kompyuta mpakato ya mtumba mjini Nyamira au Keroka, akaitia mfumo wa Linux, huenda akastaajabu kuona herufi zote zatii ilhali kitufe cha mwangaza kimenyamaza. Sababu ni kwamba kila kitufe hupeleka nambari, nayo draiva ya kibodi, yaani programu iisimamiayo, haina budi kuifasiri. Herufi zina nambari za kawaida tangu enzi za kompyuta za kampuni ya IBM, lakini vitufe maalumu kila mtengenezaji hujipangia apendavyo. Ajabu zaidi, baadhi yavyo hutangaza kubonyezwa pasipo kutangaza kuachwa, hata mfumo ukadhani kidole kingalipo, na, kitufe kikiwa cha sauti, sauti ikapanda hadi kikomo. Ndipo draiva ya kibodi ya Linux, iitwayo atkbd, ilazimikapo kubuni yenyewe habari ya kuachwa. Nambari ngeni mwenye mashine aweza kuipa maana kwa amri ya setkeycodes, lakini maana hiyo, kwa bahati mbaya, husahaulika mashine izimwapo.