Ugali si mchawi wa kitambi chako

Kaa kwa mama ntilie yeyote wa Kariakoo saa saba mchana, utamsikia tu. "Mama, ugali usiniwekee, nimeacha wanga. Niletee chipsi kuku." Anayeagiza ana kitambi cha kiasi, simu iko mezani, na ndani ya simu kuna video iliyomhakikishia kuwa ugali ndio unaomnenepesha. Mama ntilie habishani naye. Anamtuma kijana kwa muuza chipsi wa jirani, soda ya baridi inafuata, na mteja anakula kwa amani ya mtu aliye kwenye dayati.

Viazi navyo ni wanga, tuanzie hapo. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha hazifikishi kalori 90. Vikikaangwa, uzito huo huo unakaribia kalori 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia. Mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti, mawese au nazi, yana kalori 9 kwa kila gramu; wanga una 4, protini 4. Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na kitu, yaani vijiko vya chai saba hadi vinane. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Bwana wetu amevuka kiwango hicho kabla hajagusa paja la kuku, na bado anaulaumu ugali ambao hakuula.

Ni tabia yetu ya siku nyingi: jambo likiharibika, atafutwe mchawi. Mitandao imeichukua tabia hiyo ikaifanya biashara. Wiki hii mchawi ni wali na mganga ni maji ya ndimu. Wiki ijayo mchawi ni maziwa na mganga ni mbegu za maboga. Kiasi hakitajwi, kwa kuwa kiasi hakivutii watazamaji. Mtu anayesema "punguza nusu ya ulichozoea, tembea, na mafuta pima kwa kijiko" hapati wafuasi hata wa kujaza daladala.

Wanaoacha wanga hupungua kweli, tena haraka, na haraka hiyo ndiyo inayodanganya. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji ya gramu tatu hivi. Ukiacha wanga, akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, mzani unashuka kilo mbili tatu ndani ya wiki. Picha ya mzani inarushwa kwenye status, ushuhuda umepatikana. Jumamosi mtu huyo anaalikwa harusini, anakula pilau, maji yanarudi mahali pake, naye anaapa kuwa sahani moja ya pilau imemwongezea kilo mbili.

Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa miezi 12: kundi moja lipunguze mafuta, jingine lipunguze wanga. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Kitakwimu hiyo si tofauti ya kushikia bango. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua zaidi ya kilo 20, na walikuwamo walioongezeka. Makundi yote mawili yalikuwa yameelekezwa jambo lile lile: punguzeni sukari na unga uliokobolewa, kuleni mboga kwa wingi. Lakini mchicha hauna wakala Instagram.

Wala dayati hii si ugunduzi wa jana. Mwaka 1863 William Banting, msimamizi wa mazishi wa London, alichapisha kijitabu akisimulia alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kilisomwa sana hata jina lake likageuka kuwa jina la dayati. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye tunauziwa kitu kile kile kama siri ambayo madaktari hawataki tuijue.

Na madaktari nao wakisema, tunawakata vipande. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Hospitali ya Muhimbili na mwaka 2025 akachaguliwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, amezungumza mara nyingi kuhusu sukari, wanga na ulaji wa kupitiliza. Kwenye makundi ya WhatsApp ujumbe wake ulifika kama vichekesho na vipande vya sekunde chache, na kipande cha sekunde chache hakiwezi kubeba neno "inategemea".

Kinachoniudhi zaidi ni hii habari ya "kutoa sumu mwilini". Mwili una ini na figo, na kazi hiyo vinaifanya usiku na mchana bila kununuliwa kifurushi. Maji ya ndimu ya uvuguvugu ni kinywaji kizuri, yana vitamini C kidogo, lakini hayachomi mafuta, na asidi yake ikipita kwenye meno kila alfajiri hulidhoofisha gamba la jino. Hakuna chakula wala zoezi linaloyaamuru mafuta yatoke tumboni yaache mapaja. Mwili hupungua unakotaka wenyewe.

Chukua pakiti ya chai ya kupunguza tumbo, ile yenye picha ya msichana mwenye kiuno cha nyigu, uigeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta senna, yaani sanamaki, ile ile waliyotupikia bibi zetu tulipofunga choo. Sanamaki husukuma utumbo mpana, wakati kalori za chakula zimeshafyonzwa zamani kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni choo na maji. Tumbo linakuwa jepesi, mafuta yapo pale pale. Ukiinywa kila siku kwa miezi unapoteza maji na madini ya potasiamu, ambayo mapigo ya moyo yanayategemea. Hiyo ni chai inayosema ukweli. Zipo zisizoandika kilichomo. Dawa iitwayo sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo na mishipa ya damu, lakini tangu hapo imekutwa mara kwa mara ndani ya bidhaa za kupunguza unene zinazouzwa kama mitishamba mitupu.

Anayetaka kuogopa sumu ya kweli kwenye chakula, tunayo hapa nyumbani. Ni sumukuvu, inayotokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika ugali, na hakuna juisi ya tango itakayoisafisha. Inazuiwa shambani na ghalani: mahindi yaanikwe juu ya turubai badala ya udongo, yakauke, yatunzwe pakavu, na punje zenye ukungu zichambuliwe zitupwe.

Hapo ndipo wahubiri wa dona nao wanapohitaji kuongeza sentensi moja. Dona lina nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na kiini cha mahindi ambacho sembe imekipoteza, kwa hiyo kulipendelea ni uamuzi mzuri. Kalori zake, hata hivyo, hazipishani sana na za sembe, kwa hiyo mlima wa dona bado ni mlima. Na sumukuvu ikiwamo kwenye mahindi, nyingi hukaa kwenye pumba na kiini, sehemu zile zile dona linazozibakiza. Dona zuri ni la mahindi unayoyajua.

Mengine niyapitie harakaharaka. Asali ni utamu wa nyuki, lakini takriban asilimia 80 yake ni sukari, na mgonjwa wa kisukari anayeimimina kwenye chai akidhani imempa kinga anajidanganya. Maandishi ya "haina lehemu" kwenye dumu la mafuta ya mimea ni kweli isiyo na faida, kwani mafuta ya mimea kwa kawaida hayana lehemu ya kutajika, yawe ya bei rahisi au ya bei mbaya. Cha kuuliza ni mafuta yenye asidi zilizoshiba, na hapo mafuta ya nazi yanayosifiwa mtandaoni yanaongoza: zaidi ya asilimia 80. Kula kwa kundi la damu kulienezwa na kitabu cha Peter D'Adamo cha mwaka 1996, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakupata ushahidi wa kukiunga mkono.

Kwa mengi ya hayo hasara ni pesa na kiungulia. Kwa mwenye kisukari hasara ni nyingine. Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921, watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza walipewa dayati kali ya karibu njaa. Iliwasogezea siku, kisha wakafa. Kijana wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922, Leonard Thompson wa miaka 14, alikuwa amebaki na kilo zisizozidi 30. Leo kuna video zinazosema tupa sindano, kula nyama na mboga, utapona.

Aina ya pili ina matumaini zaidi, na hilo lisemwe bila kificho. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kalori chache sana, kama 850 kwa siku, sukari yao ilirudi kwenye kiwango kisichohitaji dawa baada ya mwaka mmoja. Lakini dawa zao zilisimamishwa na wahudumu wa afya siku ya kwanza ya mpango, na wakafuatiliwa hatua kwa hatua. Hawakuziacha kwa sababu ya video.

Kwa hiyo kama unatumia insulini au glibenklamidi na umeshawishika kufunga saa 16 au kuacha wanga, nenda kliniki kwanza ukiwa na dawa zako mkononi, ukaulize dozi ibadilishweje. Dozi ya mtu anayekula, ikitumiwa na mtu asiyekula, inaweza kushusha sukari hadi akazimia kabla jirani hajajua kuna tatizo.