Sanamu za Njia ya Kabaka Anjagala

Mtu apitaye kwa mara ya kwanza katika njia ya Kabaka Anjagala, huko Mengo mjini Kampala, hukutana na jambo la kumshangaza. Njia hiyo imenyooka kama kamba iliyovutwa, urefu wake kama maili moja. Kandokando yake, penye miti, zimesimama sanamu, kila moja kwa umbo lake. Mgeni hujiuliza: Zimewekwa hapa kwa kazi gani? Mbona hazifanani na sanamu nyingine za mjini? Wengi wetu hupita hapo juu ya bodaboda, tukazitazama kwa dakika mbili tatu, kisha tukazisahau. Basi nimeona yafaa nieleze maana yake kwa wasomaji wa gazeti letu, maana sanamu hizi ni kama maandishi, na asiyejua kuyasoma hupata hasara.

Mgeni kwa kawaida hukisia mambo matatu. Kwanza, hudhani kwamba ni wanyama wa porini, wamewekwa ili kuwafurahisha watalii. Lakini katika orodha ya alama hizi mna simba, chui, tembo na nyati, na pia mna uyoga, kunde, na hata moyo. Hakuna mtalii asafiriye kutoka Ulaya ili kutazama kunde. Pili, hudhani kwamba ni vyakula wavipendavyo Waganda. Kumbe ni kinyume chake kabisa. Tatu, hudhani kwamba ni miungu ya zamani. Hilo nalo si kweli, kwa sababu askofu, shehe na mwalimu wa Kiganda, kila mmoja ana alama yake, wala hakuna aisujudiaye.

Ukweli ni huu. Sanamu hizo ni alama za koo za Buganda. Kila ukoo una kitu kimoja ambacho watu wake hawali wala hawakidhuru, nacho huitwa muziro. Sisi tusemao Kiswahili tunaweza kulikumbuka neno hilo kwa urahisi, kwa kuwa nasi twasema mtu amezira chakula, yaani amekataa kula. Tofauti ni kwamba mtoto wetu huzira kwa hasira, hali Muganda huzira kwa heshima. Ukoo wa Mmamba hauli kamongo, yule samaki wa ziwani. Ukoo wa Nsenene hauli senene, ijapokuwa jirani zao huwakaanga na kuwafurahia sana msimu wake ufikapo. Ukoo wa Butiko hauli uyoga. Zaidi ya muziro, kila ukoo una alama ya pili iitwayo kabbiro. Ukoo wa Ffumbe, mathalani, mwiko wake wa kwanza ni fungo, na wa pili ni chura.

Koo zinazohesabiwa leo zapita 50. Baadhi yake, kama Ffumbe, Lugave, Ngeye na Njaza, husemwa kuwa ni za wenyeji waliokuwapo kabla ya kuja kwake Kintu, yule ambaye masimulizi humtaja kuwa Kabaka wa kwanza. Koo nyingine zilikuja pamoja naye au baada yake. Kila ukoo umepangwa kama nyumba ya Kiganda. Mkuu wake huitwa wa Kasolya, yaani wa kilele cha paa. Chini yake zipo sehemu ziitwazo masiga, maana yake mafiga ya kupikia. Chini ya masiga ipo mituba, na mutuba ni ule mti utoao nguo za magome. Hufuata nyiriri, yaani mistari, na mwisho ni mpya, yaani nyua za watu. Hivyo mtoto aliyezaliwa katika ua mmoja anaweza kupandishwa hatua kwa hatua mpaka kileleni, na kila hatua ina mzee ajulikanaye kwa jina.

Labda msomaji atauliza: Kuna faida gani kujua kwamba jamaa zangu hawali uyoga? Faida ya kwanza ni katika ndoa. Kwa desturi Waganda wa ukoo mmoja ni ndugu, nao hawaoani, hata kama mmoja amezaliwa Masaka na mwingine Mukono, na babu zao hawakuonana kamwe. Vilevile mtu haoi katika ukoo wa mama yake. Ukoo wa Mmamba, kwa wingi wa watu wake, ndio husemwa kuwa na ruhusa fulani katika jambo hili. Katika mji wenye watu wengi kama Kampala, mvulana na msichana hukutana shuleni, kazini au kanisani bila kujua wametoka wapi. Wasipoulizana mapema, huenda wakaja kuambiwa na wazee siku ya utambulisho kwamba wao ni kaka na dada. Hapo machozi hayasaidii kitu. Swali moja dogo, «Muziro wako nini?», lingaliwaokoa.

Faida ya pili ni kazi na wajibu. Zamani koo nyingi zilikuwa na utumishi wake katika ufalme. Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba, alisimamia mitumbwi ya Kabaka katika ziwa Nyanza. Mugema, mkuu wa ukoo wa Nkima, yaani tumbili, ana sehemu kubwa katika kumtawaza Kabaka mpya. Ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji, ndio mafundi wa nguo za magome, na mkuu wao ni Kaboggoza. Ufundi huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008. Kwa hiyo mtu aonapo sanamu ya fisimaji na kupita tu, amepita mbele ya kazi ambayo dunia nzima imeiheshimu.

Sasa tutazame kwa nini sanamu hizo zimewekwa katika njia ile, si katika bustani nyingine yoyote. Mwisho mmoja wa njia ni Lubiri, jumba la Kabaka. Mwisho wa pili ni Bulange, ambamo hukutana Lukiiko, baraza la Buganda. Kabaka atokapo nyumbani kwake kwenda barazani, hupita katikati ya koo zote za watu wake. Yeye huitwa Ssaabataka, maana yake mkuu wa wakuu wa koo. Tena ufalme hauna ukoo wake peke yake, maana kwa desturi wana wa Kabaka hufuata muziro wa mama zao, na kwa sababu hiyo kila ukoo uliweza kutumaini kumzaa mfalme. Katikati ya njia pana mzunguko uitwao Nantawetwa. Sisi sote huuzunguka, lakini katikati yake pana lango, na Kabaka peke yake hupita humo moja kwa moja, kwa kuwa yeye hapindi njia. Jina la njia yenyewe, Kabaka Anjagala, maana yake ni «Kabaka ananipenda».

Njia hii imeona pia siku mbaya. Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali waliishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbia, akafa London mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote za Uganda, na Lubiri ikawa kambi ya askari. Kwa miaka 27 hapakuwa na Kabaka wa kupita langoni. Mwaka 1993 ufalme ulirudishwa, na Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai mwaka huo. Lakini katika miaka ile yote ya ukiwa, koo hazikufa. Baba aliendelea kumpa mwanawe jina la ukoo, na mama aliendelea kumwambia asile nini. Hakuna askari awezaye kuteka jambo linalokaa katika sahani na katika jina la mtoto.

Hatari iliyopo leo ni ya namna nyingine, nayo ni kusahau. Tujifunze kwa ndugu zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Wao huwachongea wazee wao nguzo za mti ziitwazo vigango. Wezi walizing'oa nyingi, zikauzwa ng'ambo kama mapambo ya nyumba, kwa sababu wanunuzi waliona mti uliochongwa tu, wala hawakumwona mzee wa watu. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa Kenya kutoka majumba ya makumbusho ya Marekani. Sanamu isiyosomwa haina mlinzi, na leo au kesho itakuwa bidhaa au kuni.

Shuleni kwetu tumo watu wa makabila mengi, wala si wote walio Waganda. Hata hivyo makabila mengi ya Uganda yana koo, na koo nyingi zina miiko yake. Basi nawaomba wenzangu, likizo ijayo, kila mmoja amwulize babu au shangazi yake mambo matatu: ukoo wetu ni upi, mwiko wetu ni nini, na kazi yetu ya zamani ilikuwa nini. Ayaandike katika daftari. Na ninyi mliokwisha kumaliza masomo hapa, ambao sasa mna watoto mjini, siku moja ya Jumapili wapelekeni Mengo kwa miguu, kutoka Lubiri mpaka Bulange, mkawasomee njia ile sanamu kwa sanamu. Mtoto ajuaye kwamba uyoga au kamongo ni jina la nyumba yake, hatapotea katika mji wowote.