Je, wajua springi ya hewa huupima mzigo wake yenyewe?

Springi ya hewa ni mfuko wa mpira mnene, ulioimarishwa ndani kwa tabaka za nyuzi za nailoni na kujazwa hewa iliyoshindiliwa. Hukaa kati ya ekseli na chesi, mahali ambapo magari mengi huwa na springi ya chuma. Chini ya basi kubwa au trela, mfuko mmoja hubeba tani kadhaa. Kinachobeba ni hewa yenyewe. Kazi ya mpira ni kuizuia isitoroke.

Watu wengi huuona mfumo huu kuwa anasa, kitu cha kumlainishia tajiri safari. Kwa kuuona hivyo wanaunyima haki yake. Ulaini huja baadaye kabisa. Sifa yake kubwa ni kwamba ugumu wake hufuata mzigo, jambo ambalo chuma hakiliwezi.

Springi ya chuma hutoka kiwandani na ugumu wake. Gari likikaa juu yake hubonyea kiasi fulani, na kiasi hicho ndicho kinachoamua gari litapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde baada ya kupita tuta. Springi iliyobonyea sentimita 25 kwa uzito wa gari hutikisika mara moja hivi kwa sekunde, mwendo wa taratibu ambao mwili wa binadamu huuvumilia vizuri. Iliyobonyea sentimita 6 hutikisika mara mbili kwa sekunde, na abiria huanza kuhesabu mashimo kwa mgongo. Basi tupu likijaa watu na mizigo hadi uzito juu ya springi ukawa maradufu, ile springi laini ingebonyea sentimita 25 nyingine na bodi ingekalia matairi. Ndiyo maana gari la mizigo huwekewa springi ngumu inayoweza kuhimili mzigo kamili, na likiwa tupu hurukaruka. Aliyewahi kupanda lori tupu kwenye barabara ya changarawe anaujua mruko huo.

Kwenye hewa mambo huenda vingine. Mzigo ukiwa maradufu, hewa huongezwa mfukoni hadi shinikizo lipande karibu maradufu, huku kimo cha mfuko kikibaki kilekile. Ugumu wa hewa iliyofungiwa hutegemea shinikizo lake, kwa hiyo nao hupanda karibu kwa kiwango hichohicho. Uzito na ugumu vikikua pamoja, idadi ya mitikisiko kwa sekunde hubadilika kidogo sana. Basi lililojaa na basi tupu huenda kwa mdundo unaokaribia kuwa mmoja.

Kinachotambua kwamba mzigo umeongezeka, katika mabasi na malori mengi, ni fimbo nyembamba ya chuma. Valvu ya kimo hufungwa kwenye chesi, na mkono wake huunganishwa na ekseli kwa fimbo hiyo. Abiria wakipanda, chesi hushuka, mkono huinuka, na valvu hufungua njia ya hewa kutoka kwenye tangi kwenda mfukoni. Gari likirudi kwenye kimo chake, mkono hulala sawa na njia hujifunga. Abiria wakishuka, mkono huelekea upande wa pili na hewa iliyozidi hutolewa nje. Kazi hiyo yote hufanyika bila waya wa umeme wala kompyuta.

Ustadi wa valvu hiyo uko pia katika yale inayoyapuuza. Kama mkono ungejibu kila shimo, tangi lingekauka kabla ya kilomita chache. Kwa hiyo huachiwa nafasi ndogo ya kucheza bila kufungua chochote, na tundu la hewa hufanywa jembamba. Shimo linalopitwa kwa nusu sekunde halipati muda wa kubadilisha kitu. Mzigo uliokaa hupata. Idadi ya valvu nayo ina maana yake. Mabasi mengi huwa nazo tatu: moja ya ekseli ya mbele, mbili za nyuma, kushoto na kulia. Sababu ni ileile inayofanya chungu kitulie juu ya mafiga matatu. Kwa nne, pembe mbili zingeweza kushindana, moja ikiinua na nyingine ikishusha, na chesi ingepindika.

Magari madogo yenye springi za hewa hutumia vihisio vya kimo, kompyuta, valvu za umeme na kompresa ndogo ya umeme. Hewa inayovutwa hupita kwanza kwenye kikaushio chenye chembechembe zinazonyonya unyevu. Gari likishushwa, hewa kavu inayotoka hupita humohumo kinyumenyume na kuondoka na unyevu ule, kikaushio kikawa tayari kwa zamu nyingine.

Mfuko wa hewa una upungufu mmoja unaosahaulika: hauna msuguano. Springi za chuma bapa zilizopangwa tabaka husuguana zenyewe na kupunguza mtikisiko; hewa hurudisha karibu nguvu yote iliyopewa. Shokapu zikichoka, gari la springi za hewa hudunda ovyo, na hata barabara huumia kuliko ilivyotarajiwa.

Kampuni ya Firestone ilitengeneza springi za hewa nchini Marekani katika miaka ya 1930. Mwaka 1954 zilikuwa chini ya mabasi ya Scenicruiser ya kampuni ya Greyhound, na mwaka 1957 zikawekwa kwenye Cadillac Eldorado Brougham. Mabasi yalidumu nazo, lakini wenye magari madogo walichoshwa na uvujaji, wengi wakarudi kwenye koili za chuma. Citroën DS ya mwaka 1955, inayotajwa mara nyingi katika habari hii, ilikuwa na mfumo wa aina nyingine, wa mafuta na gesi ya nitrojeni.

Yaliyotokea Marekani yanajirudia katika gereji za Afrika Mashariki. Baadhi ya Toyota Harrier, Crown Majesta na Range Rover zilizotumika huingia zikiwa na springi za hewa, na gari likiamka limelala upande mmoja, mfumo mzima hung'olewa na koili kuwekwa. Mara nyingi chanzo ni ufa mdogo kwenye mkunjo wa mpira, au oringi iliyokauka. Uvujaji huo hulazimisha kompresa kufanya kazi bila kupumzika hadi iungue, na bei ya kompresa ndiyo inayomkatisha mwenye gari tamaa. Maji ya sabuni yangeonyesha tundu mapema kwa gharama ndogo. Vumbi na mchanga kwenye mkunjo husaga mpira, kwa hiyo sehemu hiyo hustahili kuoshwa. Kwenye malori, matangi ya hewa yasiyotolewa maji hupeleka kutu na unyevu ndani ya valvu. Kutupa mfumo mzima kwa sababu ya oringi ni upotevu wa mali. Kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na hewa pekee, bila mihimili, ni hatari kwa maisha.

Barabara nazo zina faida humo. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: uzito ukizidi asilimia 10, madhara huzidi karibu nusu. Kwa kuwa springi za hewa huipunguzia lami mapigo, Umoja wa Ulaya huruhusu jozi ya ekseli zinazosukuma gari kubeba tani 19 badala ya 18 ikiwa ina matairi pacha na springi za hewa au mfumo unaolingana nazo. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako kikomo cha uzito wa jumla ni tani 56, mfuko wa hewa una zawadi nyingine: shinikizo lake hufuata mzigo, hivyo geji ndogo iliyolinganishwa vizuri humwonyesha dereva uzito wa ekseli kabla ya kufika mizani. Kila trela lenye mifuko hiyo lingestahili geji hiyo. Barabara zimejengwa kwa kodi ya wananchi.

Matumizi mengine ni mengi: kuinua ekseli isiyohitajika lori likiwa tupu, kuinamisha basi ili mzee au mwenye kiti cha magurudumu apande, kulinganisha kimo cha trela na jukwaa la kupakia, kubeba vioo na mitambo ya hospitali, viti vya madereva wa masafa marefu, mabehewa ya treni, na kutuliza mitambo ya viwandani.